Chupa Mbili za Petroli

Mjukuu wangu Neema,

Mlio wa petroli ikiingia kwenye chupa, gudu gudu gudu, haujanitoka masikioni, na ndio unaonizuia kula nyumbani kwa babu yako. Umeuliza, nakujibu. Marahaba kwa salamu zako. Huku Busi mtama umebeba, na mama yako hajambo. Mimi bado unaniita bibi ilhali umri wangu ni wa dada yako, kwa kuwa babu yako ni kaka yangu na mimi ni kitinda mimba.

Mwaka ule wa ukame nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nawauzia bodaboda petroli ya chupa mbele ya nyumba. Kaka akaja kwa miguu.

"Nipimie mbili."

"Pikipiki iko wapi?"

"Imezimika njiani. Msomi wewe, maswali kama hakimu!"

Nikacheka, nikapima. Lakini asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimemjazia tangi, na pikipiki nilikuwa naiona pale kwenye mashine ya kusaga. Nilijua pia alivyokuwa akimsema Mama Salome, yule mjane, kwamba amefunga mvua. Kabla ya adhuhuri nyumba ya mjane iliwaka. Alitoka na mbuzi mmoja na mikono iliyoungua. Mpaka leo hashiki jembe.

Watu walisema moto ulianzia jikoni. Nami nikasema hivyo.

Jumatatu hii nilikwenda polisi, nikaandika maelezo. Babu yako amechukuliwa leo. Askari aliuliza nani alimuuzia petroli, nikamwambia aandike jina langu.

Bibi yako,
Tabu