Bei ya Pikapu Yako, Mjomba

Mjomba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui kuanza kuzungumza nawe bila shikamoo, na nikianza vingine nitakuwa nimekukosea adabu mara ya pili. Mara ya kwanza unaikumbuka. Ndiyo inayonifanya niandike.

Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike hapa Narung'ombe. Mkeo, Bi Somoe, ni mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Ufuta wa mwaka huu umekubali. Mimi bado nafundisha hesabu Nachingwea, na bado nina mdomo. Wiki tatu zilizopita nilinunua pikapu. Ukoo ulinituma, kama ulivyokutuma wewe miaka ile ya tisini, nami nilikwenda kwenye yadi za magari Dar es Salaam na kiburi changu chote.

Ngoja nianze na hicho kiburi.

Korosho za nyumba tatu ndizo zilizokupeleka Dar. Tulitaka gari la kubeba mazao na kuwahisha wagonjwa hospitali. Ulirudi na pikapu ya bluu, umelipa pesa yote mpaka ya akiba, na gia boksi ikafa kabla mvua hazijaanza. Mpaka leo iko nyuma ya nyumba, kuku wanataga humo. Ukoo ulipokaa kikao, mimi niliyetoka chuo cha ualimu juzi tu nilisimama nikapiga hesabu mbele ya watu wazima. Nikasema gari bovu kama lile haliwezi kufika bei ile, Mjomba atueleze chenji iko wapi. Nilikuita mwizi bila kutamka neno mwizi. Wewe uliyenilipia ada! Ulijibu sentensi moja: "Wale watu walinipokea vizuri sana." Watu wakacheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Hukuligusa tena jambo hilo mpaka unakufa. Nami sikuomba radhi, kwa sababu nilijua niko sahihi.

Sasa na mimi nimepokewa, Mjomba.

Nilikwenda na Lukasi, fundi wa pale Nachingwea, yule anayesikiliza injini huku amefumba macho. Tukaiona pikapu nyeupe, bei imebandikwa kwenye kioo, nikaona nafuu, nikafurahi. Kumbe ile ni bei ya kuliangalia gari tu. Bei ya kuondoka nalo ina ushuru, ina namba, ina bima, halafu ina kitu kinaitwa gharama za ofisi ambacho hakuna aliyeweza kunieleza ni nini. Muuzaji, kijana mpole mwenye shati lililonyooka, akaniuliza, "Mama, umejipanga na kiasi gani?" Nikamtajia. Mwalimu mzima wa hesabu! Kuanzia hapo kila gari nililolipenda likawa na bei ileile iliyokuwa kwenye mkoba wangu.

Nikiomba punguzo, anaingia ndani kumwuliza bosi, anarudi na uso wa msiba. "Bosi amekataa, mama. Nimekupigania sana." Lukasi akachungulia dirishani, akaniambia humo ndani wanaongea mpira. Mara kukawa na mteja kutoka Mbeya, yuko njiani, anaitaka pikapu hiyohiyo. Nilijua ni maneno ya biashara, na bado niliogopa nisije nikaikosa.

Halafu wakaleta chakula. Pilau, nyama, maji ya kunawa nikamiminiwa kama mkwe. "Kula kwanza mama yetu, umetoka mbali." Nikala. Sahani haijaondolewa, karatasi ya kusaini ikawekwa mbele yangu.

Nilishindwa kubisha, Mjomba. Mdomo huu unaoujua wewe! Kwetu mtu akishakulisha, utabishana naye bei kwa uso gani? Wanunuzi wa korosho walipokuja uwani kwako uliwachinjia jogoo kwanza, na baada ya kula hakuna aliyepandisha sauti. Bei ilisemwa taratibu, kila mmoja akiona haya kumuumiza mwenzake. Ulidhani na watu wa yadi wanaona haya. Ulikula, ukawaamini, ukatoa mpaka pesa ya akiba. Hapakuwa na chenji yoyote. Nilianza kulia palepale, na yule kijana akaniletea maji akidhani ni pilipili.

Nikamwambia aniandikie bei moja, yenye kila kitu, ya mimi kuwasha gari na kuondoka. Nikaenda zangu. Siku mbili tulizunguka yadi nyingine. Sikutaja tena nilicho nacho, sikuonja hata soda, na Lukasi aliingia chini ya kila gari. Siku ya tatu nilirudi kwa yule kijana na bei za wenzao zimeandikwa. Mteja wa Mbeya alikuwa bado yuko njiani. Tulivutana mpaka adhuhuri. Akashuka sana, nami nikapanda kidogo, maana aliniambia asipouza halipwi, na hilo nililiamini. Tairi ya akiba na jeki vikaingia humohumo kwenye bei. Tuliagana vizuri. Sikumchukia yule kijana, nilijichukia mimi.

Jumapili iliyopita ukoo ulikaa kulipokea gari. Wakanisifu mpaka nikaona aibu. Nikasimama nikawaeleza yote, pilau na karatasi, na kwamba Mjomba hakuiba senti ya mtu, ni mimi niliyemvunjia heshima yake. Nikamwendea mkeo, nikapiga magoti, nikamwomba aipokee radhi yangu kwa niaba yako.

Lazima nikwambie alivyonijibu. Alisema siku ile mlipotoka kikaoni alitaka kunifuata anizabe kofi, ukamshika mkono. Ukamwambia, "Nwache. Anajua kuuliza. Safari nyingine ntumeni huyohuyo." Kwa hiyo mwaka huu ukoo ulipotafuta mtu wa kwenda Dar, ni yeye aliyelitaja jina langu. Na mimi nilidhani wamenichagua kwa elimu yangu.

Nimekwenda, Mjomba, kama ulivyosema, na nimerudi.

Pumzika sasa. Bi Somoe nitamtazama kama mama yangu. Na yeyote wa kwetu atakayekwenda kununua gari nitafuatana naye, na kama atakwenda peke yake akarudi ameumizwa, sitamsimamisha mbele ya watu.

Mpwa wako,
Zainabu