Mashine ya Mama na Adapta ya Sotik

Jumapili, jioni

Iliingia kwa soketi vizuri kabisa, ndiyo maana hakuna aliyenisikiza.

Dada yangu Chebet alimtumia Mama mashine ya kuvuta mvuke wa dawa ya pumu, kutoka Amerika. Plagi yake ni ya pini mbili bapa, kwa hivyo kaka yangu Kiprono akanunua adapta mjini Sotik. Nilimwonyesha maandishi chini ya mashine: volti 120. Stima yetu ni 240. Adapta inabadilisha pini tu, haipunguzi stima. Tulihitaji transfoma.

"Wewe nawe," akasema. "Si imeingia?"

Na wageni walikuwa wameshafika. Kwetu zawadi kama hiyo haiwashwi kabla ya kuombewa. Akina mama wa kanisa wakaiwekea mikono, wakaomba mpaka chai ikapoa. Nilingoja amina ndipo niseme. Amina ilipofika, Kiprono alikuwa ameshabonyeza swichi.

Ilinguruma, ikatoa harufu ya plastiki inayoungua, ikanyamaza.

Mama alikuwa ameshavaa barakoa ya mashine. Hakuivua. Aliwaangalia wageni wake, akasema, "Asanteni. Kifua kimefunguka."

Wakaimba. Nami nikaimba, ningefanya nini?

Sasa anakohoa chumbani, kile kikohozi chake cha... Chebet amepiga simu ya video. Anataka kumwona akiitumia.

"Mwambie stima imepotea," Mama ameniambia.

Nimemwambia hivyo, na taa inawaka juu ya kichwa changu.