Hiyo Si Gesi Yetu

Papa,

Sikuulizi hali, maana huko uliko hakuna wa kukuletea kalamu. Ya kwangu nitakueleza mwenyewe. Ninaogopa, kama unavyonijua. Lakini leo ninaogopa na kudharau kwa wakati mmoja, na sikujua kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kukaa katika tumbo moja.

Kongamano la gesi limekwisha jana. Unalifahamu, lile la kila mwaka, ambalo ulikuwa ukisimama kwenye geti lake na koti la santineli lililokuzidi mabega, ukifungulia magari ya wakubwa ambao hawakujua jina lako. Mwaka huu mimi nilikuwa ndani. Walinivika baji shingoni na jina langu wakaliandika vibaya. Sekretere wa kikao. Nikakumbuka siku nilipopata kazi katika ofisi ileile uliyokuwa ukiilinda, ulivyocheka mpaka ukakohoa: "Mama, weye utakaa ndani, mimi niko inje. Gesi haitaponyoka."

Ulikuwa ukiniita mama kwa sababu nina jina la mama yako. Sasa hakuna tena anayeniita hivyo.

Ukumbi ulikuwa wa hoteli ya kando ya ziwa. Viti vilivikwa nguo nyeupe kama bibi harusi. Bwana mmoja alisema neno "fursa" mara nyingi hata nikaacha kuliandika, nikawa naweka alama ya nukta tu. Mwingine alitueleza kwamba gesi ya ziwa Kivu ni rafiki yetu, naye alikuwa amefika Goma juzi. Kisha wakawasha moto mdogo ndani ya kioo, moto wa gesi iliyotoka ziwani, na ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Watu wazima, Papa, wamevaa suti, wanapanga mstari kupiga picha na moto usiotosha kuchemsha chai.

Mimi niliwaza moto wako.

Zile Jumamosi za Mugunga, pembezoni mwa mji, nikiwa bado katika sekondari. Wewe na kopo la rangi nyekundu, mimi na daftari. Ulikuwa unasokota majani makavu, unayafunga kwenye fimbo ndefu, unayawasha, halafu unayashusha polepole ndani ya shimo katikati ya mawe ya volkano. Hakuna upepo, hakuna maji, na moto unanyauka wenyewe na kufa. Mazuku, gesi ya sumu inayotoka ardhini. "Unaona, mama? Moto ikizima, weye pia utazima. Usishuke. Na kama umeshuka, usiiname." Ulinieleza kwamba mazuku inalala chini kama maji katika beseni, kwamba aliyesimama anaweza kutoka lakini aliyeinama hatoki. Kisha ulipaka jiwe rangi, ukaliweka ukingoni, nami nikaandika: shimo liko wapi, jirani na mti gani, nyuma ya nyumba ya nani. Hakuna aliyekutuma. Hakuna aliyekulipa. Ulikuwa santineli, na uliona kwamba kulinda geti peke yake haitoshi.

Orodha yote iko katika mwandiko wangu, Papa. Ndiyo maana siwezi kujifanya sijui.

Sitaandika sana juu ya asubuhi ile. Mawe yako mekundu yalikuwa yameondolewa. Watu wa kambi ya wakimbizi waliyachukua kushikilia mahema yao, na siwalaumu, maana upepo wa Mugunga hauna huruma na mtu mwenye hema. Mama Furaha, aliyekimbia kutoka Masisi kama sisi tulivyokimbia, alifunga mbuzi wake pale penye majani, ndani ya shimo. Upepo ulikuwa umetulia, saa ambayo mazuku inajaa. Mbuzi akaanguka. Mama Furaha alitaka kushuka, ukamshika mkono, ukashuka wewe. Ulijua kila kitu. Ulikuwa mwalimu wa jambo hilo. Na ukainama.

Mbuzi ulimsukuma mpaka ukingoni. Wewe hukufika.

Kwenye kilio, shangazi alisema, "Mutu ya Masisi hawezi acha munyama chini," na wazee wakaitika. Lakini huko mtaa wa Majengo walikuwa na maneno yao: "Santineli ya gesi, gesi imemumaliza." Nilikasirika wiki nzima. Baadaye nikafikiri kwamba wewe ndiye ungecheka wa kwanza, nikalia upya.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Kabla ya kongamano nilipiga orodha yako kwa mashine, vizuri, bila kosa, nikampelekea Direktere, mkubwa wa ofisi yetu. Niliomba vibao vya chuma, kwa sababu kibao cha chuma kilichochomekwa katika saruji hakiwezi kushikilia hema la mtu. Alisoma akiwa amesimama, funguo za gari mkononi. "Mademoazeli, hiyo si gesi yetu. Yetu iko ndani ya ziwa." Nilipaswa kumuuliza ile ya mashimo ni gesi ya nani. Nilisema, "Ndiyo, Direktere." Akaongeza, "Na usiilete kwenye kongamano. Wageni wataogopa." Nikasema ndiyo tena. Nilitoka pale nikiwadharau watu wawili, na mmoja wao ni mimi.

Siku ya pili walikuwa wamealika wazee wachache wa mitaa, ili viti visionekane vitupu kwenye picha. Muzee mmoja wa Mugunga akaomba mikro ili aseme. Aliishika kwa mikono miwili kama kuku. "Mimi niko na swali moja tu. Ile mazuku yetu, mutatuwekea vibao siku gani? Watoto wanaisha." Kuna waliocheka. Msimamizi wa kikao akatabasamu: "Asante sana, muzee, mchango muzuri. Tutaiweka katika ripoti."

Kwao, kuweka jambo katika ripoti ni kulizika. Hata jeneza hawatoi.

Wakati wa mapumziko Direktere alikuja kunong'ona juu ya bega langu: "Ile ya muzee, mustari moja tu. Ao uiache."

Lakini mimi ni karani, Papa. Msimamizi alisema mbele ya watu wote kwamba iwekwe, na mimi nikiambiwa kuweka, ninaweka. Niliandika ombi la muzee lote: ofisi iweke vibao vya chuma kwenye mashimo ya Mugunga kabla ya mvua. Chini yake, ili kusiwe na shaka ni mashimo gani, nikabandika orodha yetu.

Unajua desturi yao ya mwisho, ulikuwa ukiiona kupitia dirishani. Sekretere anasoma ripoti yote kwa sauti, msimamizi anauliza kama kuna mwenye neno, wanapiga makofi, kisha wakubwa wanatia sahihi kila ukurasa. Hapo ndipo ripoti inakuwa ahadi, na nakala zinatumwa kwa wageni wote. Na unajua pia kwamba saa hiyo ndiyo wanafungua sufuria za bufe. Harufu ya mishikaki ilikuwa imekwisha kuingia.

Nilisoma. Sikuharakisha. Shimo nyuma ya kanisa la mabati. Shimo la mkaratusi uliopasuka. Shimo la njia ya kuchota maji. Nilisoma moja baada ya jingine, nikingoja mtu aseme simama. Direktere alikuwa anaandika katika simu. Bwana wa fursa alikuwa amegeuza kiti kuelekea sufuria. Aliyenisikia ni mmoja tu, yule muzee wa Mugunga, na nilipofika shimo la mbuzi wa Mama Furaha alivua kofia yake, akaishika kwenye goti mpaka nilipomaliza.

"Kuna mwenye neno?"

Hakuna. Wakapiga makofi, Papa. Direktere alipiga makofi, simu ikiwa imebanwa kwapani, akatia sahihi wa kwanza ili awahi sahani.

Niliogopa watu hao miaka miwili. Niliwaogopa kama wanaojua. Hawajui, na hata kusikia hawasikii.

Leo asubuhi amenipigia. "Huu ukurasa wa saba ni nini?" Nikasema, "Ni ile niliyosoma, Direktere. Sinyature yako iko chini." Ili aifute, itabidi awaandikie wageni wote kwamba alitia sahihi kitu ambacho hakukisikiliza. Mwishowe akasema, "Hiyo si gesi yetu," lakini kwa sauti ndogo, kama mtu anayejikumbusha. "Tutaonana lundi."

Sijui kama hiyo Jumatatu nitakuwa bado na kiti ofisini. Mama anasema nimefanya vizuri, kisha anauliza tutakula nini, na maneno yote mawili ni ya kweli. Mbuzi bado yuko hapa kwetu Katoyi. Mama Furaha alimleta achinjwe kwenye kilio chako, Mama akakataa. Jana mbuzi huyo alitafuna baji yangu, na sikumnyang'anya.

Sahihi si chuma. Mpaka vibao vifike, nimenunua rangi nyekundu, na muzee wa Mugunga ananingoja na fimbo ndefu. Nakuahidi kwamba kila shimo la daftari letu litakuwa na jiwe lake, na likichukuliwa nitarudisha lingine. Nakuahidi nitatanguliza moto kila mara. Ningekuahidi pia kwamba sitainama, lakini mimi ni mtoto wako, na uongo sikuuleta hata katika ripoti.

Pumzika, Papa. Sasa keti ndani. Leo mimi niko inje.

Mama yako mdogo,
Neema