Kapeti la Boti ya Bwana William

Ihumwa,
Jumapili mchana

Mdogo wangu Angelina,

Pokea salamu zangu na za wifi yako Raheli. Mpe mama shikamoo yangu. Natumaini mguu wake unapata nafuu na mtoto wako hasumbui. Sisi wazima. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na sikulaumu.

Najua umerudi Haneti kwa mama baada ya kusikia kwamba mumeo Joel amezamisha boti ya watu kwa ulevi. Basi kaa nikueleze.

Mwenye boti ni Bwana William, mkubwa mmoja wa ofisi za serikali za Mtumba, ambaye samaki amemjulia kwenye sahani. Alinunua kiboti cha aluminiamu, akakileta karakanani kwangu nikiandae kwa uvuvi wa bwawa la Hombolo. Mwingine angetaka benchi na kasia. Huyu alitaka kiti cha kuzunguka kama cha ofisini. Akataka vishikio vya fimbo sita za kuvulia, wakati ana mikono miwili, na kapeti la kijani chini, eti raba zake nyeupe zisichafuke. Mimi nikawa naitikia, “Ndiyo bosi, ndiyo bosi,” akigeuka nabetua mdomo. Joel alipomwambia kwa heshima kwamba perege hawahitaji yote hayo, alijibiwa kwamba ameajiriwa kupiga kasia, si kutoa ushauri.

Siku ya kushusha boti wenzake walibaki ukingoni wakipiga picha. Katikati ya bwawa kapeti likaanza kulowa. Joel akasema wageuze. Bwana William akasema ni maji ya kasia, akaendelea kuzunguka kwenye kiti chake. Boti ikajaa, ikazama. Yule mkubwa aliburutwa hadi ukingoni akiwa amekumbatia deli, lile kasha la kupozea soda, akimlilia mama yake. Aliyemburuta ni Joel. Shukrani yake ikawa kuitwa mlevi mbele ya watu na kufukuzwa, na sasa hakuna anayempa chombo pale bwawani.

Nilicheka, Angelina, mpaka watu wa Bwana William walipoiopoa boti wakaniletea niikague. Nikabandua kapeti, nikaona matundu mawili sakafuni. Niliyatoboa mimi. Unajua kazi yangu ni matela ya trekta, na kila tela natoboa chini ili maji ya mvua yatoke, bati lisioze. Nilitoboa kwa mazoea huku akili yangu yote ikimcheka mwenye boti, kisha nikatandika kapeti juu.

Nikayaziba kwa ribiti, zile pini za kubania bati, kabla ya mtu kuona. Walipouliza, nikasema boti ilikuwa nzima, labda mpiga kasia aliigongesha mwamba. Joel alikuwa amesimama palepale. Akageuka, akaenda zake. Bwana William ni mjinga, lakini aliamini alichokisema. Mimi nilijua.

Joel hakunywa hata tone siku ile. Ribiti nimeshazing'oa, na kesho asubuhi naipeleka boti Mtumba, Bwana William mwenyewe ayaone matundu, kisha niende Hombolo nikawaambie wavuvi. Nimekuandikia wewe kwanza kwa sababu najijua. Nikikaa na jambo hili peke yangu, kesho nitapata sababu ya kutokwenda.

Msomee mama barua yote, usimrukie sehemu yangu. Mbusu mtoto.

Ni mimi kaka yako,
Lameck