Siku Wadogo Zetu Walipoulizwa

Mazwi, Sumbawanga
19 Agosti 1954

Kwa kaka yangu mpenzi Mwinjuma,

Shikamoo, kaka. Habari za siku nyingi, za kazi, na za wenzako wa karakana ya reli? Tumemshukuru Mungu kusikia kwamba homa imekuacha na umerudi kazini. Sisi huku Ufipa baridi ya mwaka huu imetuelemea. Upepo unaanza alfajiri na hautulii mpaka jua lizame, na vumbi la barabara ya boma linaingia hata ndani ya unga. Ulezi umekubali, watu wa vijijini wanauleta mjini kila siku. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yako nimeipokea kwa mkono wa dereva wa Baba. Niliisoma peke yangu nyuma ya jiko, kisha nikamsomea Baba yale yaliyofaa kusomewa. Umeniuliza mimi, hukumwuliza Baba wala Shangazi, kwa hiyo nitakujibu mimi. Umeuliza imekuwaje Muhidin na Mwantum, ambao Mama akienda kisimani tu walikuwa wanamfuata, wakasimama mbele ya baraza wakamkataa. Umesema huamini kwamba maneno yale yalitoka vinywani mwao. Nitakueleza toka mwanzo, maana nikianza na mwisho nitashindwa.

Ulipokwenda Tabora, habari ya mke wa Namanyere ilikuwa bado ni minong'ono ya watu wa lori. Baada ya mfungo Baba mwenyewe alimwambia Mama kwamba ameoa kule. Mama hakupiga kelele. Alisema sheria imempa ruhusa, ila angependa asiwe wa mwisho kuambiwa. Akaendelea kupika. Mimi nilidhani yamekwisha.

Mama aliweza kumvumilia mke mwenzake, lakini mlango ulimshinda. Unaujua ule mlango mdogo wa kutoka uani kuingia dukani. Mama amepita hapo tangu hatujazaliwa, akienda kupima chumvi na kukata vitambaa pamoja na Baba. Asubuhi moja tuliukuta umetiwa kufuli kwa upande wa dukani, na Shangazi amekaa kwenye meza ya kuuzia. Baba alisema mke wa mtu mwenye jina mjini hapaswi kukaa dukani akitazamwa na wanaume. Mama alimkumbusha kwamba alitazamwa miaka yote duka lilipokuwa kibanda cha mabua, na hakuna aliyesema kitu. Tangu hapo Mama akitaka chumvi alizunguka kwa barabarani, akasimama kati ya wateja mpaka zamu yake ifike. Siku moja Shangazi akamwuliza kwa sauti ya juu, "Na wewe, bibi, nikupimie nini?" Watu walicheka, wengine bila kujua wanacheka nini. Mama alirudi mikono mitupu, na siku hiyo tulikula mboga chapwa. Hakuna aliyeuliza sababu, hata Muhidin.

Wiki ile ile akaomba talaka. Baba alikataa. Alisema yeye hana ugomvi na mtu, sasa atoe talaka ya nini? Mama akavaa kanga zake za kutokea akaenda barazani kwa liwali. Shangazi alisimama mlangoni akawaambia majirani kwamba wifi yake anaomba talaka kama anayeomba chumvi, na atakosa vyote viwili.

Liwali hakuwa na haraka. Aliwarudisha kwa sheikh wapatane, wakaenda, wakarudi kama walivyokwenda. Mwishoni Baba alisema kama mwanamke anataka kujivua, basi ajivue, arudishe mahari yake, na watoto sheria itawaangalia. Mama akatuma neno kwao Milepa, bondeni. Mjomba Beda aliupanda mteremko wote wa Milepa kwa miguu, pamoja na kifua chake kibovu, akiwa na ile mahari. Tulikuwa tunaogopa atamsimanga, kwa vile ndugu zake walivyochukia alipoacha kanisa na kuolewa na Mwislamu. Lakini mjomba alikunywa uji wake, akatania kwamba huko kanisani kwao ndoa ina mlango wa kuingilia tu, wa kutokea walisahau kuujenga. Mama alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mfungo. Kisha mjomba akamwita kwa jina lake la ubatizo, ambalo sisi hatujazoea kulisikia.

"Silvana," akamwambia, "nyumbani kwa baba yako hakuna kufuli."

Sheikh alikuja nyumbani kueleza habari ya watoto. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia natengeneza kahawa, nikasikia yote. Alisema Abdala, kwa kuwa bado ananyonya, ni wa mama yake bila swali. Mimi nimeshavunja ungo, mahali pangu ni kwa baba mpaka nitakapoolewa. Lakini Muhidin na Mwantum wamefika umri wa kupambanua mambo. Hao hawagawiwi na mtu. Watasimama mbele ya liwali, wataulizwa wanataka kukaa kwa nani, na jibu lao ndilo litakalofuatwa. Mama hakutikisika hata kidogo. Alimshukuru sheikh, na kesho yake akaanza kumshonea Mwantum gauni jepesi, maana alisema bondeni ni joto, hili la sufu litamtesa. Shangazi alikuwa akiwapa watoto sukari guru na kuwauliza kama wanataka kwenda kulala na mbu wa Milepa. Mama hakuwafundisha neno. Alisema ni aibu kumfundisha mtoto kumkataa baba yake, tena hakuna haja.

Siku ya baraza tulikwenda wote. Baba alikaa mbele na sheikh. Mjomba Beda alisimama karibu na mlango kofia mkononi. Sisi wanawake tulikaa kwenye mkeka pembeni, Mama na Abdala mgongoni, mimi nyuma yake. Liwali ni mtu wa upole, kaka, hilo siwezi kumnyima. Alishuka kutoka kwenye kiti chake akachuchumaa ili watoto wasimwogope. Akamwuliza Muhidin anataka kukaa kwa nani, naye akasema "Baba" haraka haraka, kama mtu anayetaja hesabu aliyoikariri. Niliona mgongo wa Mama unakaza.

Akamwuliza Mwantum. Mwantum alikuwa amevaa lile gauni jipya. Aliangalia watu wote, akatafuta mpaka akaniona mimi. Liwali akamwambia asiogope, hapa hakuna mtu atakayempiga. Ndipo naye akasema, "Baba."

Baba mwenyewe alishtuka. Nilimwona anavua kofia yake na kuivaa tena. Shangazi alipiga kigelegele, liwali akamnyamazisha. Kisha liwali, kwa huruma nadhani, akamgeukia Mama akamwambia kwamba mambo yamekuwa hivi, kama moyo wake umebadilika bado anaweza kurudi nyumbani kwake, talaka haijaandikwa, na hakuna atakayemcheka. Baba naye alikuwa anamwangalia, na nakuapia, kaka, siku ile angempokea.

Mama alijibu taratibu, bila kulia. "Nilidhani nakataliwa na mume. Kama na wanangu wamenikataa, ndani ya nyumba ile nirudi kwa nani?"

Wakaandika. Ni talaka ya kujivua, kwa hiyo hairejewi kama talaka nyingine. Mama hakupita nyumbani. Aliondoka na Mjomba Beda pale pale barazani, na Abdala mgongoni, na nguo zake nyingine nilimpelekea mimi njiani. Niliwakuta wamepumzika mwanzo wa mteremko. Alinishika kichwa akaniambia nimtunze Mwantum, nisimsuke nywele kwa kuvuta sana kwa sababu kichwa chake ni chepesi kuuma. Hakuniuliza lolote. Mwezi haukuisha, Baba akawapeleka wote wawili Namanyere kwa mkewe, akisema mwanamume wa duka hawezi kulea watoto wadogo. Mimi nimebaki hapa kumpikia.

Sasa nakuomba, kaka, kama umesimama, keti.

Niliwafundisha mimi. Si Shangazi na sukari guru yake. Alasiri ile sheikh alipoondoka, niliwaita uani tukachambue maharage. Nikawaambia mkiulizwa, semeni baba, wote wawili. Nilikuwa nimelifikiria sana jambo hili, nikaona nimelipatia. Niliona Mama hawezi kulala hata usiku mmoja bila Mwantum, kwa hiyo akiona hawapati, ataacha kesi na kubaki. Niliona wakisema mama, ndoa imekwisha, na wakisema baba, tutabaki sote katika nyumba moja kama zamani, na wewe ukija likizo utatukuta. Muhidin alikubali upesi. Mwantum aliniuliza kama Mama hatakasirika. Nilimwambia atakasirika siku moja tu, halafu atafurahi. Akauliza tena kama nina hakika. Nikasema nina hakika, kwa sababu mimi nimesoma.

Na lipo jingine linaloniuma kupita hilo. Mama alipouliza arudi kwa nani, nilikuwa nimekaa nyuma yake, ningeweza kumgusa kwa mkono. Lilikuwa ni neno moja tu. Ningesema, "Mama, nimewatuma mimi," na liwali angesikia, na Baba angesikia. Unanijua mbele za watu sauti hunikauka. Hata shuleni mwalimu alikuwa ananiruhusu kusema shairi nikiwa nimeuelekea ukuta. Nilifungua kinywa, hakikutoka kitu. Waliokuwepo walifikiri nalia kwa ajili ya talaka.

Baadaye nilikwenda kwa mke wa sheikh, kwa kuwa sheikh mwenyewe ningemwonea haya, nikamwomba amwulizie kama mtoto aliyechagua anaweza kuulizwa mara ya pili. Jibu likaja kwamba anaweza. Mtoto akigeuza neno lake hurudishwa kwa yule aliyemtaka, ila lazima apelekwe barazani na mkubwa wa kiume wa nyumba. Baba hatakubali, nikafikiri ni wewe. Nilifurahi siku nzima, nikajua nitakuandikia uje.

Wiki iliyopita nikaomba nipande lori la Baba niende Namanyere kuwaona. Nakueleza haki, yule mama mdogo si mtu mbaya. Hawapigwi, wanakula wanashiba, na Muhidin anakwenda shule. Wanamwita Mama, kwa sababu Shangazi amewaagiza wamwite hivyo. Nilimkuta Mwantum anasugua sufuria kwa majivu. Alinipa shikamoo kama mgeni. Nikachuchumaa karibu naye tukasugua pamoja, nikamwambia polepole kwamba huenda Kaka Mwinjuma akaja, na huenda liwali akawauliza tena wanataka kukaa kwa nani.

Hakufurahi wala hakuhuzunika. Aliendelea na sufuria yake, kisha akaniuliza, "Safari hii niseme nani, dada?"

Nikamwambia aseme lile analolitaka mwenyewe. Akaniangalia kwa woga, kama mtoto anayeulizwa swali ambalo hajafundishwa. Akasema yeye hajui, nimwambie tu, atalikumbuka. Nilimwuliza kama anamtaka Mama. Akasema, "Ukitaka niseme hivyo, nitasema."

Kaka, nilisuuza sufuria nikaondoka na lori lile lile.

Kwa hiyo sijui nikuombe nini. Nilikuwa nimekusudia kukuandikia uje, umpeleke barazani. Lakini ukimpeleka leo akasema mama, litakuwa neno langu tena. Mjomba Beda alipokuja sokoni na mchele nilimwuliza kama Mama anawataja watoto. Alisema hawataji. Alipomgusia habari ya kuwarudisha barazani, alimjibu wawaache, wasisimamishwe tena mbele za watu kwa ajili yake. Eda yake inakaribia kwisha, na mjomba amesema kuna mwanamume mmoja aliyefiwa na mkewe, mkulima wa kijiji cha jirani, ameshaanza kuuliza habari zake. Akiolewa, sheikh anasema hata Abdala atadaiwa na Baba.

Mama hajui kwamba ni mimi. Nikimwambia, atajua kwamba wanawe hawakumkataa, na atajua pia kwamba aliacha nyumba yake kwa neno la uongo la binti yake mkubwa. Nimeshindwa kupima lipi ni zito zaidi. Wewe ndiye mkubwa. Ukiniambia nishuke Milepa nikamwambie, nitashuka, na safari hii nitasema hata kama ni kwa kuuelekea ukuta. Usiponijibu pia nitaelewa.

Baba anakusalimu, anasema usiache kuswali. Shangazi anakusalimu. Mjomba Beda aliniagiza nikikuandikia nisisahau kukusalimu. Muhidin aliniambia mwenyewe nikusalimu, na kwamba ukija umletee kipande cha chuma cha gari moshi.

Mwantum hakunituma salamu. Zamani ningeandika tu kwamba naye anakusalimu sana, kama inavyoandikwa katika barua zote. Sikuandikii hivyo.

Ni mimi mdogo wako,

Mwasiti