Saluti ya Majini Huku Gilgil

Gilgil, Jumanne jioni

Baba, hamjambo hapo Kabazi? Huku ni vumbi na upepo, chai inapoa kabla sijaimeza. Leo nimempigia meja saluti tuliyozoea kule jeshi la wanamaji, kiganja kikitazama chini. Sajini akaugeuza mkono wangu mbele ya kikosi kizima, kiganja kitazame mbele kama wafanyavyo wao. "Samaki wewe, hapa ni nchi kavu! Ama unaficha nini hapo?" Wakacheka wote. Mimi niliyelinda bahari wao wakilala! Nina hasira hadi sasa. Saluti yao nitapiga, maana nilihamia jeshi la nchi kavu kwa hiari yangu. Msalimie Mama, mwambie ninakula vizuri. Na ukitundika picha yangu ya sare mpya, ile nyeupe ya majini usiishushe.

Mwanao akupendaye,
Kamau