Debe Ulilolitetea

Wairimu mwanangu,

Nakusalimu kutoka Isiolo, ambako vumbi limekuwa chumvi ya chakula changu. Leo mama mmoja wa kijiji cha Sericho alimsimamisha ngamia wake mbele ya duka letu jipya. Akainua chupa ya mafuta ya kupikia, akaigonga kwa ukucha. "Mzee, hii itavunjika njiani. Debe hakuna? Mafuta ikiisha, mimi nabebea maji." Nikasema hakuna. Akanitakia heri, akaingia duka la jirani.

Mwanangu, uso uliniwaka kuliko jua la hapa. Tulipokuwa tukipanga biashara hii na baba zako wadogo, wewe ulisema, "Baba, huko maji ni shida. Uzeni kwa debe." Nikakukatiza mbele yao, nikakutuma jikoni ulete chai. Kisha tukamimina mafuta kwenye chupa ili yapendeze, madebe tukayatupa nyuma ya zizi hapo nyumbani.

Yaokote, tafadhali. Nikirudi tutakaa tena kupanga, nawe utakaa kando yangu, useme mpaka umalize. Chai nitaleta mimi.

Mungu akutunze, mama.
Baba yako